Barua ya wazi kwa mnaosimamia shule zetu: Ticha tumemzika, deni lake bado

Waheshimiwa mnaosimamia shule, ajira za walimu na mafao yao, shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine wote habari za kazi.

Naandika kuhusu mwalimu mmoja wa fizikia na kemia aliyefariki mwaka jana akiwa bado kazini, kwenye shule ya kata huku milima ya Usambara. Jina lake silitaji humu maana familia imeniomba hivyo, ila nyie mnalo kwenye mafaili yenu, tena mnalo zaidi ya mara moja kwa sababu Mama, yaani mke wake, ameshalipeleka kwenye madirisha yenu mpaka wahudumu wanamjua kwa sura. Sisi wanafunzi tulimwita Ticha tu. Walimu wengine walikuwepo na walikuwa wazuri, ila ukisema Ticha bila kuongeza neno kila mtu kijijini anajua unamsema nani.

Siku ya mazishi kiongozi mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mzalendo, alijitolea sana, na kwamba itaangaliwa namna ya kuipa maabara ya shule jina lake. Watu wakaitikia, na mimi nawashukuru waliofika maana njia ya kupanda huku mnaijua. Ila kuna jambo halikusemwa siku ile na ndo hilo nataka kulisema. Ticha hakujitolea peke yake. Kila alichokitoa kilitoka nyumbani kwake, kwenye mboga ya wanae, kwenye ada zao, kwenye hela ya karoti za mkewe, na mkewe alijua na akakubali. Ile familia ndo imegharamia sayansi pale shuleni kwa zaidi ya miaka 15, nyie mkapokea matokeo. Kabla ya jina ukutani kuna deni.

Alikuja 2007. Kipindi kile shule za kata zilikuwa zinaota kila mahali kwa ule mpango wa MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, wananchi wanajenga madarasa, serikali inaleta walimu pale inapowapata, na wa sayansi ndo walikuwa adimu kuliko wote. Yeye alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, baridi ya huku ya mwezi wa saba alikuwa haijui kabisa. Walimu wengi wa kutoka mbali walikuwa wakifika wanaripoti, wanakaa muda kidogo, wanaanza kuomba uhamisho, na siwalaumu, nyumba ya mwalimu ilikuwa haina hata dirisha zima. Ticha akabaki. Akaoa hukuhuku, akajenga hukuhuku, akajifunza Kisambaa mpaka akawa anabishania bei ya viazi sokoni na bibi zetu.

Maabara hakuikuta. Alikuta kabati moja lenye bureti mbili zilizovunjika midomo na chupa ambazo lebo zimefutika, na hizo chupa akazitenga akasema hakuna mtu kugusa kitu asichokijua. Baada ya hapo akaanza kutengeneza vya kwake. Pipeti zetu zilikuwa mabomba ya sindano ya duka la dawa. Asidi ilikuwa ile ya betri ya gari, anaizimua mwenyewe nje uwanjani kwenye ndoo ya plastiki huku sisi ametusimamisha mbali, na kila mara anarudia maneno yaleyale, asidi ndo inamiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi kwenye asidi, mpaka leo nikifumba macho namsikia. Besi, yaani kile kinachoua nguvu ya asidi, ilikuwa magadi ya sokoni. Indiketa, yaani kimiminika cha kuonyesha kwa rangi kama kitu ni asidi au besi, akikosa zile za dukani za MO na POP anachemsha rosela, yale maji yake mekundu, unadondosha ndimu yanazidi kuwa mekundu, unadondosha maji ya magadi yanageuka kijani mbele ya macho yako. Kwa sheria ya Hooke, ile ya springi kuvutika kadiri ya mzigo, alisokota springi kwa waya wa chuma, mizigo ikawa vimfuko vya mchanga ambavyo alienda kuvipima kwenye mizani ya dukani, gramu 50, gramu 100, akaviandika kwa peni ya maka. Vidole vyake muda mwingi vilikuwa na madoa ya kahawia ya pamanganeti na hayakuwahi kutoka yakaisha.

Nataka niwaelezee praktiko moja ili muelewe mtu tunayemzungumzia. Pendulamu. Kokoto limefungwa uzi, uzi umening'inizwa kwenye msumari wa mlango, mmoja anashika saa, mmoja anahesabu mizunguko 20, mnagawa mnapata T, muda wa mzunguko mmoja, mnaipandisha skwea, mnachora grafu na urefu wa uzi, na mteremko wa ile grafu ndo unawapa g, yaani nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini. Vitabu vinasema 9.8. Kundi letu tulipata 9.6, wengine 10.1, wengine 9.3, na kundi moja la nyuma likatoka na 9.8 kamili wakawa wamejaa furaha. Ticha akaenda kwa hao wa 9.8. Akaomba daftari lao la vipimo akasoma namba moja baada ya nyingine bila kusema kitu, alafu akawaambia waning'inize uzi upya yeye akiwepo. Alijua wamepiga hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hakuwachapa wala hakuwatukana, alikaa nao mpaka wakapata 9.7 yao wenyewe, akaiandika ubaoni juu ya zote. Saivi mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, na majibu ya damu ya mgonjwa nayaandika kama yalivyotoka hata daktari akiwa ananisimamia kichwani anasubiri jibu jingine. Hiyo sikuipata chuo, niliipata kwenye ule msumari wa mlango.

Na hapo ndo alipendaga kuleta habari ya Erasto Mpemba, maana haikutokea mbali na sisi, ilitokea Magamba, hapo juu ya Lushoto mjini, 1963. Mpemba alikuwa kijana wa sekondari, wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari, nafasi kwenye friza inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yake yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa ya baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Mpaka alipokuja Dr Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar kutoa mhadhara pale Mkwawa, kijana akasimama akauliza swali lake, wenzake wakamcheka, ila mgeni hakucheka, alirudi Dar akataka lipimwe. Mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education na mpaka leo wanasayansi duniani wanaendelea kubishana juu ya hilo jambo kwa jina la kijana wa Magamba. Ticha alikuwa akifika kwenye sehemu ya kupima anasimama. Aliyepima pale chuoni alikuwa fundi wa maabara, na jibu alilorudisha ni kwamba maji ya moto yameganda kwanza ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Ticha anatuangalia, anauliza, nyie mngeandika nini? Na hakukuwa na swali la kijinga kwenye darasa lake, mtu akimcheka mwenzake anayeuliza anatolewa nje, hilo ndo kosa pekee lililomkasirisha.

Sasa nirudi nyumbani kwake maana ndo kiini cha barua hii.

Februari 2013 yalipotoka matokeo ya fomu foo ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro, nyie mnakumbuka, mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Kwetu watu walikata tamaa, wazazi wengine wakaanza kusema bora mtoto aende kulima karoti. Ticha akafungua sebule yake. Jioni baada ya chakula tunapanda pale na madaftari, tunakaa kwenye mkeka, watoto wake wamekaa katikati yetu, mdogo kabisa anachora na chaki kwenye mlango wa kabati na hakuna anayemkataza. Mama analeta uji. Uji ule haukuwa wa shule, haukuwa wa mradi wowote, ulikuwa unga wa nyumba ile. Na Ticha hakuwa yule mwalimu anayesahau wanae kwa ajili ya watoto wa watu. Jumapili jioni ukipita pale unamkuta na pasi ya mkaa ananyoosha sare za wanae wote, anazipanga juu ya kiti kwa ukubwa, na ukimkuta katikati ya hiyo kazi utasubiri, swali lako la moles litajibiwa pasi ikishawekwa chini. Mtoto wake wa pili alipougua homa kali aliomba ruhusa akakaa nae wodini mpaka akatoka, alafu akatufidia vipindi vyote Jumamosi.

Mwishoni mwa 2012 Rais Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, na 2014 ndo ikawa moto, mwisho Novemba, ikasogezwa mpaka Juni 2015. Wazazi wetu walichanga, aliyekosa hela alibeba mawe, aliyekosa mawe alibeba maji. Jengo lilisimama, vyumba vitatu, fizikia, kemia, baiolojia, na sisi kama kijiji tunajivunia lile jengo. Lakini bomba halikuwa na maji, gesi hakuna, na makabati yalikuja tupu. Mimi nilimaliza 2014 kabla halijaisha, praktiko ya Necta tulifanyia darasani. Yale maelekezo ya maandalizi yanayotumwa shuleni kabla ya mtihani, yanayosema andaa kemikali hii na kifaa hiki, yalifika na nusu ya vitu hatuna. Tulichojua sisi ni kwamba Ticha alisafiri kwenda Tanga akarudi na boksi limefungwa kamba. Tukafanya mtihani, tukafaulu, tukaondoka.

Hela ya lile boksi ilitoka wapi nimekuja kujua kwenye matanga yake.

Tulikuwa tumekaa nje usiku, wanafunzi wake wa miaka tofauti, Mama akatoka na kauntabuku la jalada gumu akalifungua chini ya taa. Ticha alikuwa ameandika kila kitu alichoinunulia shule tangu alipofika. Tarehe, kitu, bei. Asidi ya betri lita 1. Mabomba ya sindano. Betri za tochi. Uzi. Spiriti. Aiodini ya duka la dawa. Nauli Tanga kwenda na kurudi. Kurasa za mwanzo pembeni ameandika "kudai", kwa maana alitegemea atarudishiwa, kadiri miaka inavyokwenda hilo neno linapungua mpaka linapotea. Na kwenye kurasa nyingi kuna mwandiko mwingine wa kalamu nyekundu, mdogo, umelala upande, ni wa Mama, ameandika "karoti" au "kabichi", yaani hiyo hela ilitoka kwenye mauzo yake ya sokoni. Kwenye tarehe ya lile boksi letu la 2014 Mama ameandika "bati". Walikuwa wanaezeka chumba cha watoto mwaka ule. Kiliezekwa baadae sana. Wenzangu pale hawakuongea, mmoja wetu ambaye ni mwanajeshi alilia mbele za watu.

Waheshimiwa, naomba mlisome lile kauntabuku kama hesabu. Msilisome kama sifa za marehemu. Kuna fungu kwenye bajeti lilipaswa kununua zile sindano na ile asidi, na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 wazazi wameelezwa kwamba gharama hizo serikali imezibeba, sisi tumefurahi na watoto wengi wamepata kusoma ambao wasingesoma. Lakini kama fungu linafika shuleni likiwa limekatika, au halifiki, mwalimu wa somo la vitendo ndo anabaki na maamuzi mawili, afundishe praktiko kwa mdomo au aingie mfukoni. Ticha aliingia mfukoni. Wapo wengine nchi hii wanaofanya hivyohivyo leo asubuhi na mnajua wapo.

Alifariki kwa presha, ilikuwa ya muda mfupi, hakuteseka sana na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Tangu hapo Mama anafuatilia mafao. Kikao cha ukoo kimekaa, mihtasari ipo, mirathi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, yeye ndo msimamizi, cheti cha kifo kipo. Akaambiwa jina la mtoto mmoja kwenye cheti cha kuzaliwa limetofautiana herufi na lile lililoko kwenye faili la baba yake, aende akaape. Akaapa, akarudisha. Akaambiwa faili halionekani. Likaonekana, akaambiwa anayesaini yupo semina. Kila safari ni nauli na ni siku ya soko imepotea, na mama huyu hana mshahara, karoti asipouza yeye hakuna wa kumuuzia. Kwenye dirisha moja kijana alimwambia mama mbona una haraka sana. Nimeliandika hilo kwa sababu liliniuma kuliko yote. Mtu ambaye bati la nyumba yake lilinunua kemikali za serikali haambiwi ana haraka.

Na shuleni nako mjue hali. Binti yao wa mwisho, yule aliyekuwa anachora kwenye mlango wa kabati, yupo fomu tuu palepale, na tangu baba yake afariki darasa lake halina mwalimu wa fizikia wa kuajiriwa. Wazazi wamechanga kumlipa kijana wa kujitolea, ni kijana mzuri amemaliza chuo hana ajira, ila anafundisha shule mbili kwa hiyo anakuja siku mbili kwa wiki. Stoo ya maabara imefungwa maana hakuna wa kusaini vifaa. Praktiko sasa inafanyika wiki chache kabla ya Necta, watoto wa fomu foo wanaishika bureti kwa mara ya kwanza wakati wenzao wa mjini wanaishika tangu fomu wani, alafu wote wanafanya pepa moja.

Msiniambie walimu wa sayansi hawapo. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wanasoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, walirudishwa nyumbani kwa mkupuo, baadae wengine wakapangiwa vyuo vya ualimu, wengine safari ikaishia hapo. Na leo vijana wenye digrii za ualimu wa fizikia wapo mtaani wanaendesha boda, huyo anayejitolea kwetu ni mmoja wao, anasubiri ajira. Ninachoomba ni kwamba pengo la Ticha lijazwe na mwajiriwa, na pamoja nae aje fundi sanifu wa maabara, hata mmoja kwa shule mbili tatu za jirani. Hii nafasi ya fundi sanifu inaonekana kama anasa kwenye shule za kata, wakati ndo mtu anayeandaa vifaa, anayejua kemikali ipi imeisha muda, anayefanya mwalimu aingie darasani akiwa na nguvu ya kufundisha badala ya kuwa amechoka kuosha chupa tangu alfajiri. Ticha alifanya kazi zote mbili na mshahara alilipwa wa moja.

Mama nae amalizwe. Asiitwe tena ofisini, aje mtu kwake na karatasi zinazotakiwa, asaini pale. Kama kuna herufi nyingine imekosewa semeni zote kwa mara moja. Na lile kauntabuku lipitiwe na mhasibu ukurasa kwa ukurasa, kinacholipika kilipwe. Mama hajaomba, sisi ndo tunaomba, yeye alitaka kulihifadhi tu kabatini.

La jina la maabara fanyeni mtakapokuwa mmemaliza hayo, tutakuja wote na tutafurahi.

Wanafunzi wake tuko kwenye grupu moja, kuna nesi, kuna fundi umeme, kuna walimu, kuna yule mwanajeshi, na tumekubaliana kuchanga tununue bureti na kemikali za mwaka huu ili fomu foo wasikwame. Tumeanzisha kauntabuku letu la pili, tumeandika "kudai" kwenye kila mstari na hatutaliacha hilo neno lipotee.

Kopi za kurasa zote za kauntabuku la Ticha tumeziacha kwa mkuu wa shule, orijino ipo kwa Mama na haitoki pale. Mtakayemtuma aje siku ya masomo aone na darasa lenyewe, ila asije Alhamisi, ni siku ya soko, Mama hatokuwepo nyumbani.

Ni mimi,
mwanafunzi wake, fomu foo ya 2014